Utajieleza kwa daftari lipi? Ulinganisho wa njia nne za kutoa hesabu ya maisha baada ya kifo

Katika kila kilio mjini Goma kuna saa moja ya usiku, baada ya nyimbo kunyamaza na kabla ya chai ya alfajiri, ambapo waombolezaji huacha kumzungumzia marehemu na kuanza kujizungumzia wenyewe. Swali huwa lile lile hata maneno yakibadilika: lau ningekuwa mimi niliyelala ndani ya sanduku lile, nikaulizwa nimeishi vipi, ningejibu nini? Nimewasikia Wakatoliki wakilijibu, na Waislamu, na watu wa makanisa ya uamsho, na wazee wanaokumbuka mambo ya kabla ya wamisionari, na kadiri ninavyosikiliza ndivyo ninavyoona kwamba wanachotofautiana zaidi ni namna ya kushika daftari. Mimi ni katibu wa kikundi cha akiba katika mtaa wa Majengo, kikundi cha aina ile tunayoiita AVEC, na daftari ndicho kitu pekee ninachoweza kujidai kukijua. Sina elimu ya kumwambia mtu ni dini ipi iliyo ya kweli. Ninachofanya hapa ni kuziweka njia nne za kujitolea hesabu ubavu kwa ubavu, ili anayetaka kuanza kuandaa hesabu yake leo usiku ajue anachochukua na anachoacha.

Katika kikundi chetu fedha hukaa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti, ambao miongoni mwao katibu hayumo. Kila mwanachama ana kijitabu chake cha hisa, na mwisho wa kikao salio husomwa kwa sauti ili kila mtu alitie kichwani. Mtu anayefikiria kujiunga huuliza mambo machache, na ndiyo hayo hayo nitakayoyauliza madaftari haya ya akhera: nani anayeandika, ni nini kinachoandikwa, aliyedhulumiwa anasikilizwa wapi, na, kwa kuwa tunaishi Goma, itakuwaje daftari likifungwa ghafla kabla mwenyewe hajalikagua. Hili la mwisho si la nadharia kwetu. Januari 17, 2002 lava ilipita katikati ya mji na kuliteketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Oktoba 3, 2024 boti lililotoka Minova lilizama karibu na bandari ya Kituku, abiria wakiwa tayari wanauona ufuko. Na katika wiki ya mwisho ya Januari 2025 watu walikufa kwa risasi na mabomu ndani ya nyumba zao. Njia yoyote inayomtaka mtu apate kwanza ugonjwa mrefu na kitanda cha kutubia inafaa mahali pengine.

Kipimo kimoja kwa madaftari yote

Ulinganisho usio na mfano mmoja wa kupitisha kila mahali huishia kuwa maneno, kwa hiyo nitatumia tukio la maisha yangu mwenyewe, ambalo si jinai na halijawahi kunipeleka mbele ya mtu yeyote.

Jumamosi ya Mei 22, 2021 jioni, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka. Siku tano baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka, mitaa mingi ya mji iliamriwa kuondoka, nasi tukashika njia ya Sake pamoja na umati, tukiwa watu sita na magodoro mawili. Huko mama mmoja ambaye hatukuwa tumemwona hata siku moja alitufungulia mlango wake, akawahamishia watoto wake chumba cha jikoni, na tukalala kwake usiku kumi na moja. Tulipokuwa tunaondoka nilimpa fedha akazikataa. Alisema tu kwamba barabara ya Sake ina kwenda na ina kurudi.

Februari 2024 vita vilifika Sake, na watu wake wakaijia Goma kwa miguu. Mama huyo alinipigia simu. Nyumbani kwangu tayari kulikuwa na familia mbili za ndugu wa mke wangu kutoka Masisi, kwa hiyo nilimwambia asubiri hadi mwisho wa juma nipate kutoa nafasi katika chumba cha nyuma, na nikamtumia dola ishirini kwa simu. Juma lilipokwisha alikuwa tayari amepewa turubai katika kambi ya Bulengo. Nilikwenda kumwona mara moja, nikiwa na mfuko wa unga. Neno la chumba cha nyuma hatukulitaja, si yeye wala mimi. Kambi zilipotawanyika mwanzoni mwa 2025, namba yake iliacha kupatikana.

Nyumba ilikuwa imejaa kweli. Sisemi hivyo kwa kujitetea. Ndiyo maana tukio hili linafaa kuwa kipimo: halina kosa unaloweza kulishika kwa mkono, na daftari dhaifu litalimeza bila kulitafuna.

Daftari la kukana

La kwanza nitalipitia haraka, kwa kuwa wenye nalo walikwisha kufa zamani, ingawa tabia yake ingali hai. Wamisri wa kale waliamini kwamba moyo wa marehemu huwekwa kwenye mizani, na upande wa pili huwekwa unyoya wa Maat, yaani kweli na haki. Anubis mwenye kichwa cha mbweha huisimamia mizani, Thoth huandika matokeo, na pembeni hungoja Ammit, mnyama mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na kiuno cha kiboko, aumeze moyo uliozidi uzito. Marehemu pia husimama mbele ya waamuzi 42 na kukana kosa moja baada ya jingine: sikuua, sikuiba, sikupunguza kipimo, sikuyazuia maji yasipite kwa wakati wake, sikuyatoa maziwa vinywani mwa watoto. Mafunjo ya mwandishi Ani, ya karibu miaka 1250 kabla ya Kristo, ambayo sasa yako katika British Museum jijini London, yanaionyesha mizani hiyo kwa rangi ambazo bado hazijafifia.

Uzuri wa daftari hili ni uwazi wake. Mwenye kikopo cha kupimia maharage sokoni Virunga anajua, kabla hajalala, kama kikopo chake kimebonyezwa chini au la, na orodha ya makatazo humkomesha haraka kuliko mahubiri ya saa mbili. Wengi wetu, tukiulizwa ghafla kilioni, hujibu kwa njia hii bila kujua ni ya kale kiasi gani: sijaua mtu, sijaiba cha mtu, sijachukua mke wa mtu. Ubaya wake ulijulikana kwa Wamisri wenyewe, kwani waliweka kifuani mwa maiti hirizi yenye umbo la mende wa mavi, pamoja na maneno ya kuusihi moyo usitoe ushahidi dhidi ya mwenyewe. Na mafunjo mengine yaliandikwa mapema yakiachwa nafasi tupu ya kujazia jina la mnunuzi, hivi kwamba ushuhuda wa kutokuwa na kosa ulikamilika hata kabla mwenye maisha hajulikani.

Nikiupitisha hapa mlango wangu, yaani tukio lile la mama wa Sake, napita wima. Je, nilimfukuza mgeni? Sikumfukuza. Je, nilikula mali yake? Sikula; nilimtumia dola ishirini. Waamuzi wote 42 wangenipungia mkono.

Daftari la majina

Mkazi wa Goma hahitaji mchoro ili aone mahali pa raha na mahali pa moto. Anahitaji asubuhi isiyo na ukungu. Kaskazini unasimama Nyiragongo, mita 3,470, wenye ziwa la moto ndani ya kreta yake, na upande wa kaskazini-mashariki unaonekana Karisimbi, mita 4,507, ambao kilele chake huamka cheupe baada ya usiku wa baridi. Katika dini ya zamani ya Lyangombe, iliyoenea Rwanda na pande zetu hizi za Kivu, ilisemwa kwamba waliokwisha kuingizwa katika siri za kubandwa, yaani ibada ya kupandwa na roho, huenda Karisimbi kuishi kwa furaha pamoja na Lyangombe, na wale ambao hawakuingizwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Zingatia swali linaloulizwa hapo mlimani. Linauliza wewe ni wa nani, na mengine yote hufuata jibu hilo.

Wahubiri wa makanisa yetu ya uamsho wangekasirika kuwekwa karibu na Lyangombe, na nawaomba radhi mapema, lakini umbo la daftari lao linafanana: umeokoka au hujaokoka, jina lako limo au halimo. Wana andiko lao, Yohana 5:24, kwamba alisikiaye neno na kuamini haingii hukumuni, bali amekwisha kupita kutoka mautini kuingia uzimani. Mwenye kuwasikiliza kwa haki atakubali pia kwamba hawafundishi mtu aishi ovyo. Matendo kwao ni matunda ya mti, na waraka wa Yakobo unasema wazi kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Nguvu ya njia hii ni utulivu wake mbele ya kifo cha ghafla. Abiria wa Kituku ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa hakuhitaji dakika tano za kukagua chochote. Kwa mtu aliyelemewa na jambo asiloweza kulilipa hata akiishi miaka mia, kwa mfano kijana aliyewahi kubeba silaha na kufanya yale yanayofanywa na wenye silaha, sioni daftari jingine linaloweza kumwinua.

Hata hivyo orodha ya wanachama ni kitu kimoja na daftari la hesabu ni kingine. Katika AVEC tuna vyote viwili, na hakuna aliyewahi kugawiwa fedha kwa kuonyesha tu kwamba jina lake limo. Ufunuo 20:12 nao una vyote viwili: vitabu vilifunguliwa, na kitabu kingine kikafunguliwa, kile cha uzima, na wafu wakahukumiwa katika mambo yale yaliyoandikwa katika vile vitabu, sawasawa na matendo yao. Nimewauliza wahubiri wawili ni kwa nini kile kitabu kimoja huhubiriwa kila Jumapili na vile vingine mara moja kwa mwaka, na wote wawili walicheka kwanza kabla ya kunijibu.

Mlango wangu katika daftari hili hauulizwi. Mimi nimebatizwa, mama wa Sake amebatizwa, majina yote mawili yamo, na kilichopita kati yetu kimebaki nje ya ukurasa.

Daftari la mizani

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu sijaona hesabu iliyopangwa kwa uangalifu wa kiuhasibu kuliko ile ambayo Waislamu wa mji wetu hufundishwa tangu wakiwa watoto chuoni. Waandishi wapo na kazi yao inajulikana: malaika watukufu wanaoandika, ambao wanayajua mnayoyatenda, kama isemavyo sura ya 82. Kipimo cha chini kabisa kimetajwa katika sura ya 99, kwamba mwenye kutenda chembe ya wema atauona na mwenye kutenda chembe ya uovu atauona. Na siku ya kusoma, kwa mujibu wa sura ya 17, mtu huambiwa asome kitabu chake mwenyewe, kwa kuwa nafsi yake inatosha siku hiyo kumhesabu. Katibu yeyote ataona uzito wa jambo hilo: anayesomewa ndiye anayesoma, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa kwamba alitamka vibaya.

Maswali nayo yametangazwa kabla ya mtihani. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, nyayo za mja hazitaondoka siku ya Kiyama mpaka aulizwe juu ya umri wake aliumalizaje, elimu yake aliifanyia nini, mali yake aliichuma wapi na aliitumia katika nini, na mwili wake aliuchakaza kwa kazi gani. Ninapenda jinsi mali inavyoulizwa mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, ambazo ni safu mbili za daftari lolote la fedha. Kwa wafanyabiashara wengi wa hapa Birere safu ya pili ingejibika kwa fahari, na ya kwanza ingechukua muda.

Lakini ubora mkubwa wa daftari hili uko kwa mdai. Wafuasi waliulizwa na Mtume ni nani muflisi, wakajibu kwamba ni yule asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia kwamba muflisi wa umma wake ni yule anayekuja siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, ilhali amemtukana huyu, amemzulia yule, amekula mali ya huyu na kumpiga yule. Basi kila mmoja wao hupewa katika mema yake, na mema yakiisha kabla ya madeni, hutwikwa makosa yao. Katika mapokeo hayo hayo hata shahidi aliyekufa katika njia ya Mungu husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Ndiyo sababu katika mazishi ya Kiislamu niliyohudhuria msemaji wa familia husimama mbele ya jeneza na kutangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu ajitokeze. Nimeyaona matanga ya kila namna katika mji huu, na tangazo hilo fupi hunigusa kuliko hotuba zote za sifa.

Namna ya kulitumia daftari hili kila siku nayo ni ya kibiashara. Kauli inayonasibishwa na khalifa Omar inaagiza watu wajihesabu kabla hawajahesabiwa, na Al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, aliifafanua kwa mfano wa mshirika wa biashara: asubuhi unaandikiana masharti na nafsi yako kama unavyofanya na mtu uliyempa mtaji, mchana unamwangalia, usiku unakaa naye na kukagua faida na hasara, na asubuhi ya pili hufungui duka kabla ya kuzungumzia upotevu wa jana.

Kasoro ninayoiona, nami nazungumza kama mtu wa nje anayeshika kalamu kila juma, inamhusu mshika daftari zaidi ya daftari lenyewe. Anayezoea kupima huanza kubadilishana: mfuko wa unga unafuta uwongo, dola ishirini zinafuta chumba. Shehe mmoja niliyemweleza habari ya Sake alinisahihisha kwa upole. Alisema kwamba kisheria mama yule hanidai, kwa kuwa ukarimu uliotolewa bure haugeuki mkopo. Kisha akanisomea ile aya ya sura ya 55 inayouliza kama ihsani yaweza kulipwa kwa kitu kingine isipokuwa ihsani, akanyamaza, na alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilielewa ni safu gani niandike. Kwa daftari hili, basi, mlango wangu umeonekana: dola ishirini zimeandikwa, hazikupotea hata senti moja, na kando yake pameandikwa kwamba hazilingani na kilichotangulia.

Daftari la mlangoni

Nililelewa katika Kanisa Katoliki na ningetarajiwa kulisifu daftari lake, kwa hiyo nianze na kile kinachonisumbua ndani yake. Hukumu kwetu ni mbili: ile ya kila mtu mara tu anapokufa, iliyothibitishwa na Papa Benedikto wa Kumi na Mbili mwaka 1336, na ile ya wote mwisho wa nyakati. Kati ya sasa na hapo kuna kitubio, ambacho katika mikono mizembe hugeuka kuwa kifutio. Nimewahi kutoka kwenye kiti cha maungamo nikiwa mwepesi kabisa, ilhali mtu niliyemkosea alikuwa bado amebeba mzigo wake wote, tena akiwa nyuma yangu katika mstari. Haya si mafundisho ya Kanisa, ambalo hudai malipizi, na ambalo Injili yake inaagiza sadaka iachwe mbele ya madhabahu hadi mtu apatane kwanza na ndugu yake. Zakayo wa Luka 19 aliahidi kurudisha mara nne. Lakini mazoea ni mazoea.

Kinachonirudisha kwenye daftari hili ni Mathayo 25. Mwamuzi hapo hana orodha ya makatazo, haulizi dini, hapimi jumla. Ana mambo sita: nalikuwa na njaa, nalikuwa na kiu, nalikuwa mgeni, nalikuwa uchi, nalikuwa mgonjwa, nalikuwa kifungoni. Msomaji wa Goma anaweza kuyapa yote sita anwani zake bila kutoka mjini, kuanzia wodi za hospitali hadi lango la gereza la Munzenze, ambako, hadi wafungwa walipotoroka Januari 2025, chakula cha mfungwa kilitegemea sana nani anakuja kumwona. Na katika hukumu hiyo kosa ni lile lisilotendwa. Ndiyo maana katika sala ya Nakuungamia tunakiri kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu, na nimewasikia waumini wengi wakiyatamka hayo ya mwisho huku wakiwa wamekwisha kuanza kukaa.

Jambo lililonishtua nilipolisoma kama katibu ni kwamba pande zote mbili zinashangaa. Walio kulia wanauliza ni lini walimlisha, na walio kushoto wanauliza ni lini hawakumlisha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na salio sahihi. Mwema hakuwa ameandika, kwa kuwa hakudhani kwamba alikuwa anaweka akiba. Mwovu hakuwa ameandika, kwa kuwa hakuona mtu. Hapo daftari la mkono wangu mwenyewe, hata nikilikagua kila usiku, linakosa kuaminika, na ufunguo wa sanduku umo mikononi mwa mtu aliyesimama nje akibisha hodi.

Kwa wanaotaka nidhamu ya kila siku ndani ya njia hii, Ignatius wa Loyola, ambaye mazoezi yake yaliidhinishwa mwaka 1548, aliacha utaratibu ambao mhasibu yeyote angeupenda: unachagua kosa moja, unajikagua baada ya chakula cha mchana na tena baada ya cha usiku, unatia nukta kwenye mistari ya siku hiyo kila ulipoanguka, kisha unalinganisha mstari na mstari, siku na siku, juma na juma. Nimeujaribu kwa miezi mitatu. Unafanya kazi vizuri kwa hasira na kwa ulimi. Kwa lile lisilotendwa haunisaidii sana, maana sijui nukta ya mtu ambaye sikumpigia simu niitie siku gani.

Mlango wangu hapa haupiti. Nalikuwa mgeni: neno ni hilo hilo, na hakuna alama ya kusimama baada yake ambapo ningeweza kupenyeza habari ya ndugu wa Masisi.

Waliobaki

Kuna wanaoniambia kwamba haya yote hayana haja, kwa kuwa hukumu ya kweli ni ile inayotolewa kilioni na waliobaki: nani amekuja, nani amekataa kuja, ni mtoto yupi atakayepewa jina la marehemu. Hata misa ya Kongo, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, huwaita wahenga, lakini ni wale wenye moyo mnyofu waliomtumikia Mungu, yaani kuna mchujo tayari. Siipuuzi njia hii, ila mji wetu umeidhoofisha. Waliobaki wametawanyika kati ya Nakivale, Bujumbura, Kampala na makambi, na mtu ambaye ushahidi wake ungenikaba huenda asisikie kabisa kwamba nimekufa.

Ni lipi kwa nani

Kwa kijana anayeanza biashara ningependekeza daftari la kukana kwa mwaka mmoja, pamoja na onyo la kutolizoea. Linanyoosha mkono kwanza, na mkono ulionyooka si jambo dogo katika soko letu. Kwa mtu aliyefanya jambo zito lisilolipika, na kwa mgonjwa ambaye saa zake zinahesabika, daftari la majina lina huruma ambayo mengine hayana, na ingekuwa ukatili kumlazimisha akae na kalamu. Kwa mwenye mali, mwenye wadeni na wadai, anayeshika fedha za wengine, anayelipa vibarua au kukopesha kwa riba mtaani, sina shaka hata kidogo: achukue daftari la mizani, awe Mwislamu au asiwe, na aanze na yale maswali mawili ya mali, kwa sababu ndilo pekee linalomwita mdai kwa jina kabla ya mazishi. Kwa mtu ambaye madaftari hayo matatu yote yanamwambia kwamba yuko salama, na hasa akiwa na nyumba yenye mlango na chumba cha nyuma, daftari la mlangoni ndilo litakalomwonyesha kilichobaki.

Yanaweza kuchanganywa? Mawili yanapatana, nami hufanya hivyo: mizani kwa ajili ya wale ninaowajua na ninaoweza kuwapata, mlango kwa ajili ya wengine. La kukana halipatani na la mlangoni hata kidogo, kwa kuwa la kwanza hukufundisha kutafuta mahali ambapo hukugusa, na la pili linakuuliza kwa nini hukugusa.

Linabaki suala la mdai asiyepatikana. Wanasheria wa Kiislamu na wanateolojia wa Kikatoliki wanakaribiana hapa: tafuta kwa bidii ya kweli, na ukishindwa, kitoe kile unachodaiwa kwa maskini kwa niaba ya mwenyewe. Kama deni lingekuwa dola, ningekuwa nimekwisha kulilipa. Yangu ni usiku kumi na moja. Tangu Machi mwaka jana chumba cha nyuma kimekaa na watu tofauti, na ninaandika kila usiku mmoja kwa niaba ya mama wa Sake. Zimefika kumi na moja, zikapita, zikafika sitini na kitu, na bado ukurasa wake sijaufunga, kwa kuwa namba yake naipigia kila Jumapili na siku moja katika hizo iliita.